Kiti kilikuwa wazi, kabati lilikuwa limefungwa

Barua ilinikuta maabara, Ijumaa saa tisa alasiri, Agosti 2012. Karani wa masijala aliileta mwenyewe mkononi badala ya kuiacha kwenye kisanduku changu, nikajua si barua ya kawaida. Ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema mkataba wa Profesa, mkuu wetu wa idara, umefika mwisho na hautaongezwa. Ya pili ilisema kuanzia Jumatatu nitakaimu nafasi yake hadi hapo uteuzi utakapofanyika. Nilikuwa na umri wa miaka 36, mhadhiri, na ilikuwa miaka miwili tu tangu nirudi na shahada yangu ya uzamivu. Sikuwa nimewahi kuongoza hata kikao kimoja cha idara.

Profesa alikuwa ameiongoza Idara ya Kemia ya chuo chetu, chuo kikuu cha umma, kwa miaka 11. Jumatatu nilipofungua mlango wa ofisi yake, meza ilikuwa safi, kiti kilikuwa wazi, na kabati la chuma la droo nne lilikuwa limefungwa. Katibu muhtasi hakuwa na ufunguo. Ofisi ya utawala haikuwa na ufunguo. Nilipompigia Profesa simu, alikuwa ameshavuka Singida, yuko kwenye basi kuelekea kwao Kagera. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza shida yangu. Akanyamaza kidogo.

"Binti yangu, ufunguo ninao hapa kwenye mkoba. Nilidhani wangeniita tukabidhiane."

Hakuna aliyemwita. Alisubiri wiki nzima ya mwisho, akaona aibu kuuliza, akafunga kabati kama alivyozoea kulifunga kila siku jioni, akaondoka.

Ufunguo ulirudi baada ya siku nne, ndani ya bahasha ya kaki aliyopewa kondakta. Katika siku hizo nne wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu walikuja kila asubuhi kuulizia alama zao za mtihani wa marudio, ambazo hazikuonekana kwenye matokeo. Mtahini wa nje aliandika kuulizia malipo yake ya mwaka uliotangulia. Na fundi sanifu wa maabara, mzee wetu aliyekuwa pale kabla sijajiunga na chuo kama mwanafunzi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba cheti chetu cha usajili kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kimekwisha muda tangu Juni. Sheria ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani inamtaka kila anayetunza na kutumia kemikali hizo awe amesajiliwa. Profesa ndiye aliyekuwa akishughulikia usajili huo kila mara. Alikuwa na tarehe kichwani.

Alama za wale wanafunzi zilikuwa kwenye droo ya pili, zimeandikwa kwa kalamu ya wino, mwandiko mzuri sana, zikisubiri kuingizwa kwenye mfumo. Mmoja wao alikuwa ameshakosa mahafali.

Ninaandika haya kwa sababu kila ninaposikia watu wa vyuo wakizungumzia kurithishana uongozi, wanazungumzia ghorofa ya juu. Nani atakuwa Makamu Mkuu wa Chuo, nani yuko kwenye kamati ya kutafuta jina, nani anapendwa na Baraza. Sisemi hayo hayana uzito. Januari 2020 tuliona Chuo Kikuu cha Nairobi kikiingia kwenye mvutano ambapo Makamu Mkuu aliyeteuliwa alitenguliwa na waziri ndani ya wiki mbili hivi, jambo likafika mahakamani, na mwishowe akarudi kwenye kiti. Chuo kinaumia kwa mambo kama hayo. Lakini huko juu angalau kuna hati idhini, kuna vipindi vilivyoandikwa, kuna macho ya watu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliongozwa na Profesa Matthew Luhanga tangu 1991 hadi 2006, kisha Profesa Rwekaza Mukandala hadi 2017, kisha Profesa William Anangisye. Yeyote anaweza kuitaja safu hiyo. Nani anaweza kuitaja safu ya waratibu wa mitihani wa idara moja, au safu ya walioshika ufunguo wa stoo ya kemikali? Mimi nimeona chuo kikikwama kwa ajili ya hao.

Mwanzoni nilimlaumu Profesa kimoyomoyo. Nilipokwisha kusoma mafaili yake, wiki baada ya wiki, lawama ilianza kupungua. Yeye mwenyewe alikuwa zao la mpango. Alisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha leo, mwishoni mwa miaka ya 1960, Kitivo cha Sayansi kikiwa na miaka michache tu tangu kianzishwe 1965. Mwaka huohuo wa 1965 mkuu wa kwanza wa chuo, Cranford Pratt kutoka Kanada, alimpisha Dokta Wilbert Chagula, Mtanzania. Kizazi cha Profesa kiliandaliwa kwa makusudi kuchukua nafasi za wageni. Aliwahi kunisimulia jinsi alivyowekwa pembeni ya mhadhiri Mwingereza kwa miaka miwili, akaandaa naye mazoezi ya maabara, akasahihisha naye, akagombana naye, hadi siku yule Mwingereza alipofunga virago na kumwachia darasa la wanafunzi ambao walikuwa wameshamzoea. "Nilipoanza kazi nilikuwa nimeshaifanya," ndivyo alivyoniambia.

Sasa fikiria mtu huyo anakuwa mwandamizi katika miaka ya 1990. Uchumi unarekebishwa, serikali imefunga ajira, idara haipati mhadhiri msaidizi mpya mwaka hadi mwaka. Wenzake waliopata nafasi nje wanaondoka. Nilipochora umri wa watumishi wa idara yetu kwenye karatasi, mwaka 2012, niliona kitu kilichonikosesha usingizi: watu saba walikuwa juu ya miaka 58, tisa walikuwa chini ya miaka 38, na katikati yao kulikuwa na mtu mmoja. Mmoja tu. Profesa hakuwa na wa kumweka pembeni yake katika ule umri ambao mtu hujifunza kuongoza. Alibeba kila kitu mwenyewe, na mzigo ukibebwa miaka kumi na mmoja na mtu mmoja huwa sehemu ya mwili wake. Nadhani hata yeye hakujua tena ni nini kiko kichwani mwake na ni nini kiko kwenye mafaili.

Ukaimu wangu ulidumu miezi 23. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma zinasema mtu asikaimu zaidi ya miezi sita. Kila nilipouliza niliambiwa mchakato unaendelea. Wanaodhani kukaimu ni kuongoza kwa cheo pungufu hawajawahi kukaimu. Ukiandika dokezo sabili, yaani maombi ya kiofisi, kwenda ndaki, ngazi iliyo juu ya idara, neno "Kaimu" linasomwa kabla ya hoja yako. Mwenzako akitaka kukwepa kipindi anajua hutamwandikia barua, kwa kuwa kesho huenda yeye ndiye atakuwa bosi wako. Nilikaa upande wa wageni wa ile meza kwa miezi minne, mgongo ukiwa mlangoni, kwa sababu kukaa kwenye kiti chenyewe kulionekana kama kujipa kisichokuwa changu. Mambo ya siku moja yalifanyika. Mambo ya miaka mitano, kama kupitia upya mtaala, kuomba vibali vya ajira au kupeleka vijana masomoni, yalisubiri mwenye kiti. Na mwenye kiti hakuwepo.

Nasema hili kwa uchungu: zipo ofisi ambazo ukaimu hauishi kwa sababu unafaa. Kaimu ni mtu anayeweza kuondolewa kwa barua ya mistari mitatu. Ni mtu anayejua hivyo, na kwa hiyo hapingi. Anayemweka mtu kwenye ukaimu kwa miaka, kwa kukusudia, anaiadhibu idara nzima ili apate utulivu wake mwenyewe.

Julai 2014 niliteuliwa rasmi. Siku hiyo nilikaa kwenye kiti. Nikajiapiza kwamba sitaondoka na ufunguo wa mtu.

Kisha nikafanya kosa langu, na lilikuwa kubwa kuliko la Profesa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaonywa na yaliyonipata.

Alikuwepo kijana mmoja, mhadhiri, mwepesi wa kuelewa, mwenye adabu, asiyechoka. Nilimwita mdogo wangu, naye aliniita dada hata mbele ya wageni. Nilimkabidhi uratibu wa mitihani. Akafanya vizuri, nikampa na ratiba. Akafanya vizuri, nikampa kazi ya kupitia mtaala, mawasiliano na Tume ya Vyuo Vikuu, barua za ndaki, hata nywila ya mfumo wa matokeo iliyotakiwa iwe yangu peke yangu. Mwaka 2015 ofisi ya rasilimali watu ilituletea jedwali la mpango wa urithishanaji madaraka. Lilikuwa na safu za nafasi, aliyepo, tarehe ya kustaafu, mrithi wa kwanza, mrithi wa pili. Nikaandika jina lake kwenye mrithi wa kwanza bila kusita, na jina la mwingine kwenye wa pili kwa kuwa safu ilitaka kujazwa. Niliona nimemaliza.

Jedwali lilikuwa la siri. Halikuchukua wiki mbili kujulikana. Kwetu kumtaja mrithi wa mtu aliye hai na mwenye afya ni jambo zito, linasikika kama kumwombea aondoke. Na aliyetajwa anakuwa na deni kwa kila mtu ambaye hakutajwa. Yule wa pili aliacha kusalimiana na yule wa kwanza. Wengine hawakusema kitu, ila walianza kuja kwenye vikao wakiwa wamechelewa, wakikaa karibu na mlango. Mimi niliyaona hayo nikayaita majungu ya kawaida.

Mwaka 2016 ajira mpya na upandishaji wa vyeo vilisitishwa kupisha uhakiki wa watumishi, kwa hiyo hatukupata mtu mpya. Nikaona afadhali ninaye yeye. Kisha Machi 2017, kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, nikiwa jikoni, nikasikia jina lake likisomwa. Ameteuliwa kushika wadhifa serikalini. Keshokutwa yake aliapishwa. Hakuwa ameomba, naye alishangaa kama mimi. Alinipigia saa tano usiku akilia na kucheka kwa wakati mmoja, na mimi nikampongeza kwa moyo wote, kwa sababu alistahili. Nilipokata simu nilikaa kwenye sakafu ya jikoni. Mtaala ulikuwa nusu. Mitihani ilikuwa wiki tatu mbele. Hakuna mtu mwingine aliyejua jinsi ya kupanga wasimamizi.

Asubuhi niliita kikao cha dharura. Nilieleza hali, nikaomba watu wa kujitolea. Ukimya ulikuwa mrefu. Mwenzangu mmoja, mhadhiri mwandamizi, mama niliyemzidi cheo lakini aliyenizidi miaka kumi ya kazi, alinisubiri hadi wengine walipotoka.

"Dada, nitakusaidia mitihani. Lakini nikwambie ukweli. Idara ilikuwa na mtoto mmoja. Sisi wengine tulikuwa wageni waliokuja kula."

Sijawahi kusahau maneno yale. Nilikuwa nimemtengeneza Profesa mwingine, mdogo kwa umri, mwenye kila kitu kichwani, na safari hii kabati lilikuwa limeondoka lenyewe kwenda Dodoma.

Tulimaliza mitihani ile kwa jasho. Matokeo yalichelewa siku 19. Baada ya hapo nilikaa na yule mama kwa mchana mzima tukaandika, si majina, bali kazi. Kila kitu ambacho idara inafanya ndani ya mwaka. Kupanga wasimamizi wa mitihani. Kumtafuta mtahini wa nje na kufuatilia malipo yake. Kuhuisha usajili wa kemikali. Kuandaa bajeti ya maabara. Kuandika dokezo la kuomba likizo ya masomo ya mtumishi, ambalo likikosewa kiambatisho kimoja linalala ndaki miezi mitatu. Kuzungumza na mzazi aliyekuja na hasira. Kumpokea mkaguzi. Tulipata kazi 34. Mbele ya kila kazi tukaandika nani amewahi kuifanya kwa mikono yake, si kuisikia wala kuiona. Kazi 21 zilikuwa na jina moja. Kazi saba hazikuwa na jina lolote lililobaki chuoni.

Karatasi ile tuliibandika ukutani, kwenye chumba cha chai, mahali ambapo hakuna siri. Lengo likawa moja, kila kazi iwe na watu wawili wanaoifanya kweli kabla ya mwaka kwisha. Sikumtaja mtu yeyote kuwa mrithi wa kitu chochote. Watu walianza kuchagua. Mhadhiri msaidizi mmoja, mama wa mtoto mchanga, ambaye sikuwahi kumpa jukumu kwa kuwa hakuweza kubaki jioni, alisema atachukua mitihani endapo vikao vitahamia saa nne asubuhi. Vilihamia. Ndiye mratibu bora wa mitihani niliyewahi kufanya naye kazi, na ilinibidi nijiulize ni wangapi kama yeye niliwakosa kwa sababu ya saa ya kikao tu.

Na kuna jambo jingine nililolijua kwa bahati. Mtumishi wa umma ana likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kwa miaka mitano sikuwa nimeichukua kamili hata mara moja, nikiona ndiyo bidii. Desemba 2017 nilichukua siku zote 28, nikaenda kwa mama yangu Tanga, nikamwachia ofisi yule mama, na wiki mbili za mwisho nikamwachia mwingine. Nilibeba daftari dogo. Kila simu iliyopigwa kutoka idarani niliiandika: nani, saa ngapi, anauliza nini. Zilikuwa simu 41. Niliporudi nilizisoma moja moja mbele ya wenzangu. Hakuna iliyokuwa ya kipuuzi. Kila simu ilikuwa kazi ambayo nilidhani nimeshaikabidhi na kumbe sijaikabidhi. Ilikuwa ruhusa ambayo sikuitoa kwa maandishi, au mahali pa faili ambapo napajua mimi, au mtu wa uhasibu anayenisikiliza mimi tu kwa sababu tulisoma pamoja. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Faili linakabidhiwa, lakini uhusiano hauna hati ya makabidhiano. Ilibidi niwe ninakwenda uhasibu na mtu mwingine kila mara, nimwache azungumze, mimi nikae kimya, hata pale alipozungumza vibaya.

Mwaka uliofuata simu zilikuwa 17. Mwaka 2019 zilikuwa nne, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kunitakia heri ya mwaka mpya.

Kukaa kimya pale mtu anapozungumza vibaya, hapo ndipo niliposhindwa mara nyingi. Mratibu mmoja aliandika ratiba iliyogonganisha kozi mbili za mwaka wa pili. Niliiona mapema. Nilitamani kuirekebisha usiku, mwenyewe, kimya kimya, kama nilivyokuwa nikifanya zamani. Nilimwita nikamwonyesha, akairekebisha yeye, na akatangaza yeye mabadiliko mbele ya wanafunzi waliokuwa na hasira. Aliaibika. Nilikuwa nimesimama nyuma ya darasa. Makosa yafanyike wakati bado mtu wa kuyabeba yupo, ndivyo nilivyojiambia, lakini sitasema lilikuwa jambo jepesi kumtazama.

Nirudi kwa fundi sanifu wetu wa maabara, kwa sababu watu husahau kumhesabu. Siku hizi sheria inawaruhusu maprofesa na wahadhiri waandamizi kukaa kazini hadi miaka 65. Fundi sanifu anaondoka akiwa na 60. Wetu alikuwa aondoke Novemba 2019. Yeye ndiye pekee aliyeijua mashine yetu ya kupimia metali kwa mwali wa moto, ile tunayoiita AAS, ambayo wanafunzi wetu huitumia kupima risasi na shaba kwenye maji ya visima na ya karibu na migodi. Alijua kwamba mtungi wa asetilini hautumiwi hadi uishe, kwa kuwa gesi imeyeyushwa ndani ya asetoni, na mgandamizo ukishuka sana asetoni hupanda na kuharibu mwali na mashine. Alijua sauti ya kompresa inapokaribia kuharibika. Alijua ni taa ipi kati ya zile taa za metali hudanganya asubuhi hadi ipate joto. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa popote, na hakuna jedwali la urithishanaji lililowahi kuwa na mstari wake.

Tuliomba kibali cha ajira miaka miwili kabla. Hakikuja kwa wakati. Basi nikamwomba atuachie sauti na mikono yake. Jumamosi asubuhi, kwa miezi mitatu, mhadhiri msaidizi mmoja alishika simu, mzee akafanya kazi huku akieleza. Tulipata video 14. Katika ya kwanza anaona haya na haangalii kamera. Kufikia ya sita anamkaripia anayempiga picha asogee karibu. Kwenye ya mwisho, baada ya kufunga mitungi, nilimuuliza kama anaogopa kuiacha mashine. Akasema wazee walishasema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kisha akafikiri, akaongeza, "Ila mhunzi mwingine lazima awe ameshika nyundo."

Mwaka 2020 kipindi changu cha pili kilikwisha. Makabidhiano yalifanyika kwa siku tatu, mbele ya rasi, mkuu wa ndaki, na hati ilikuwa na kurasa 22, lakini kwa kweli kulikuwa na mambo machache ya kueleza. Aliyeteuliwa hakuwa yule ambaye mimi ningemchagua. Nakiri kwamba hilo liliniuma kwa siku kadhaa. Kisha nikamwona akiitisha kikao saa nne asubuhi, chini ya ile karatasi ya chumba cha chai ambayo sasa ilikuwa na majina mawili au matatu mbele ya kila kazi, na nikaenda zangu darasani. Vijana wawili wa idara walikwenda masomoni baadaye kwa fedha za HEET, mradi wa serikali wa kuimarisha elimu ya juu, na lile pengo la umri nililolichora mwaka 2012 limeanza kuzibika, ingawa halijazibika.

Jioni ya siku ya makabidhiano nilimpigia Profesa kule Kagera. Alikuwa na miaka 73, sauti imepungua, akili iko palepale.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba binti yangu. Umekabidhi?"

"Nimekabidhi."

"Na ufunguo?"

"Ziko tatu, Profesa. Mmoja uko utawala."

Akanyamaza. Nikasikia kuku, na mtu akipita na baiskeli. Kisha akauliza habari za fundi sanifu, nikamweleza kuhusu video. Akataka kuziona. Mjukuu wake ana simu nzuri, nikatuma ile ya kuwasha mwali.

Alinirudia kabla ya saa mbili usiku. Alikuwa ameitazama mara tatu. Alimsifu mzee, akacheka kidogo kwa jinsi alivyonenepa, kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya maabara ninayoikumbuka tangu nikiwa mwanafunzi wake.

"Ameanza na hewa kisha asetilini, hapo yuko sawa. Lakini hajaonyesha ule mtego wa maji, kwenye mpira wa uchafu chini ya mashine. Lazima ujazwe maji kabla ya kuwasha, la sivyo mwali unaweza kurudi ndani. Yeye anaujaza kila siku bila kufikiri, ndiyo maana hakusema. Na kuna mengine mawili."

Nikamwomba asubiri nichukue kalamu.